Mmewaandika Bila Kuandika

Sikieni, ninyi mnaotoka nyumbani saa kumi na mbili alfajiri na kurudi saa mbili usiku, mkiwa mmemwachia mtu mwingine mtoto ambaye bado hajamaliza kuota meno. Nasema na wa Buruburu na South B, wa Syokimau na Ruaka, wa Nyali na wa Milimani kule Kisumu. Nasema na mwenye vyumba viwili vya kupanga na mwenye lango linalofunguka kwa rimoti. Kila mmoja wenu ana mtu ndani ya nyumba anayejua mtoto alikula nini mchana, alikohoa mara ngapi usiku, na ni wimbo gani unaomlaza. Mtu huyo mnamwita anti mtoto akisikia. Mnamwita dada wageni wakija. Mkiwa na marafiki mnamwita mboch, naye yuko jikoni, mlango uko wazi, anasikia.

Nina swali moja kwenu. Sisi wenyewe kwa Kiswahili chetu tunasema kumwandika mtu kazi. Mtu akipata ajira tunasema ameandikwa. Basi huyu yaya wenu, mmemwandika wapi?

Fungueni droo ya jikoni. Chini ya viberiti na risiti za stima kuna daftari la kurasa 48, lile la mraba la watoto wa shule, limelainika pembe kwa kushikwa na mikono yenye mafuta. Ndani yake kuna maziwa, mayai, gesi. Halafu kuna ukurasa wake. Tarehe 6, amechukua 500. Tarehe 14, amevunja chupa ya chai, 1,200. Tarehe 22, ametuma nyumbani 1,000, mama yake mgonjwa. Ukurasa huo ndio andiko la pekee katika nchi nzima linaloonyesha kwamba mtu huyu anafanya kazi kwenu, na katika andiko hilo yeye ndiye mdaiwa.

Kwenye Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ile NSSF, hayupo. Kwenye bima ya afya hayupo kama mwajiriwa. Kwenye mtandao wa ushuru wa KRA, ambako ninyi mnaingia kila Juni mkilalamika, hayupo. Mkataba hakuna, wala karatasi ya mshahara. Akitoka kwenu baada ya miaka kumi na mfuko wake wa nailoni, hataacha alama yoyote kwamba miaka hiyo ilikuwepo, ila kwa hao watoto wenu, ambao nao wakifika darasa la nne watakuwa wamesahau sura yake.

Msiniambie hamjui sheria. Sheria inamjua, tena kwa jina. Amri ya mishahara inayotolewa chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2007, inapowaorodhesha wafanyakazi wa kawaida, humtaja mfagiaji, mtunza bustani, mlinzi wa mchana, tarishi, mtumishi wa nyumbani na yaya wa watoto. Yumo. Hakufichwa chini ya maneno mengine. Na tangu tarehe 1 Novemba 2024, yaya anayefanya kazi katika miji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu hapaswi kulipwa chini ya shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Mashambani na katika miji midogo kiwango ni cha chini zaidi, lakini kiwango kipo.

Sheria ya Ajira, nayo ya mwaka 2007, inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi sharti iwe na mkataba wa maandishi, na mwenye jukumu la kuuandaa ni mwajiri. Inasema siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Inasema siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na miezi mitatu ya uzazi. Mkifika mahakamani bila huo mkataba, ni ninyi mnaopaswa kuthibitisha kwamba masharti anayoyataja si kweli. Hata ile chupa ya chai ina kifungu chake: mwajiri anaruhusiwa kukata kiasi cha haki kwa kitu kilichoharibiwa kwa makusudi. Mtoto kuvuta kitambaa cha meza na kuangusha chupa hayakuwa makusudi ya yaya. Zile 1,200 hamkuwa na haki nazo.

Sasa makato. Hapa ndipo mnapojificha, mkisema mtu wa mshahara mdogo hana shughuli na ushuru. Sehemu moja ya maneno hayo ni kweli: PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, haimfikii. Kodi kwenye shilingi 24,000 za kwanza ni asilimia 10, yaani 2,400, na nafuu anayopewa kila mlipakodi kwa mwezi ni 2,400 hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna kinachobaki cha kulipwa. Mshahara ukipanda hadi kodi imfikie, ni wewe unayepaswa kukata na kupeleka, si yeye. Lakini makato mengine hayangojei shilingi 24,000. NSSF ni asilimia 6 kutoka kwake na asilimia 6 kutoka kwako. Bima ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, ni asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, na haipungui shilingi 300. Ada ya nyumba chini ya sheria ya mwaka 2024 ni asilimia 1.5 kwake na 1.5 kwako.

Chukueni kalamu, maana watu wengi hukataa jambo hili kabla ya kulihesabu. Yaya anayelala kwenu na kulipwa 16,113.75: NSSF yake ni 966.83, bima 443.13, ada ya nyumba 241.71. Anakatwa jumla ya 1,651.67 na mkononi zinabaki 14,462.08. Wewe mwajiri unaongeza juu ya mshahara 966.83 za NSSF na 241.71 za nyumba. Jumla 1,208.54 kwa mwezi. Gawanyeni kwa siku 30. Ni shilingi 40 kwa siku. Mkate wa gramu 400 haununuliki kwa pesa hizo. Kwa shilingi 40 mmemfuta mtu.

Na upande wake, kwa viwango hivyo, kila mwaka zingeingia kwenye akaunti yake ya NSSF shilingi 23,203.92, nusu kutoka kwako. Kwa miaka 12 ni zaidi ya 278,000, faida haijahesabiwa. Huyo ni mwanamke anayeweza kurudi Busia au Kitui akiwa na miaka 50 akanunua ng'ombe wawili na kuezeka nyumba, badala ya kurudi kukaa kwenye jiko la kaka yake akisubiri kuonewa huruma. Tofauti kati ya wanawake hao wawili ni ninyi, na ile tarehe 9 ya kila mwezi ambayo ndiyo mwisho wa kupeleka michango, ambayo hamjawahi kuiweka akilini.

Sisemi nikiwa nimesimama mlimani. Niliyatenda haya.

Yaya wetu aliingia nyumbani Januari 2019, mwanangu wa kwanza akiwa na wiki sita. Nilimlipa shilingi 8,000. Mei 2022 nikampandisha hadi 9,000, na siku hiyo nilijiona mwema. Nilimwambia jikoni nikitabasamu, naye akashukuru kwa mikono miwili. Siku hiyo hiyo kiwango cha Nairobi kilikuwa kinapanda kutoka 13,572.90 hadi 15,201.65. Nilikuwa namwongezea elfu moja wakati nilikuwa nadaiwa elfu sita.

Novemba 2024 maji yalikatika kwenye jengo letu. Alikuwa akipandisha mtungi wa lita 20 hadi orofa ya tatu, akateleza, akaangukia mkono. Tulienda hospitali na mtoto wa pili mgongoni mwangu, maana hakukuwa na wa kumwachia; aliyekuwa wa kuachiwa ndiye mgonjwa. Karani alichukua kitambulisho, akaandika namba, akatazama skrini. Akasema amesajiliwa lakini hajalipiwa. Akauliza, bila kunyanyua macho, anafanya kazi wapi.

Nilinyamaza. Yaya wetu ndiye aliyenijibia, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. "Nilijisajili, mama, chifu alipotuita. Waliniuliza kama nimeajiriwa, nikasema hapana. Sikujua niseme nini."

Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba hadi vidole vikang'aa. Kwa wa kushoto alikuwa ameshika chupa ya uji ya mwanangu, kifuniko kimekazwa vizuri, isimwagike.

Miaka sita alikuwa nyumbani kwangu, na alipoulizwa na serikali ya nchi yake kama ameajiriwa, alisema hapana. Hakusema uongo. Nilikuwa nimehakikisha kwamba jibu lingine lolote lisingekuwa na ushahidi. Asiye na mwajiri hutakiwa alipe mchango wa mwaka mzima kwa pamoja kabla ya bima kumfaa, na mtu wa 9,000 anazitoa wapi? Nililipa bili, 11,400, nyingine nikakopa kwa Fuliza. Na sasa nasema kitu ambacho nilikiona aibu hata kumwambia mume wangu: usiku ule, baada ya kumpa dawa za maumivu, nilifungua daftari nikaandika 11,400 kwenye ukurasa wake. Desemba nikamkata 2,000.

Sheria ya fidia kwa ajali za kazini, ya mwaka 2007, inasema gharama ya matibabu ya mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini ni ya mwajiri. Maji yale yalikuwa ya kuogeshea watoto wangu. Deni lilikuwa langu, nami nikaliandika kwa jina lake.

Ndiyo maana nawakemea, na sitapunguza sauti.

Mnasema serikali itaziiba hizo pesa. Mnasema mchango wa bima unapotelea kwenye mifuko ya wakubwa, na NSSF ilikwisha kununua ardhi za ovyo. Sitawatetea wakubwa, wana hukumu yao. Lakini angalieni mikono yenu. Pesa ambazo mnaogopa wataziiba, ninyi mmeziiba kwanza, kabla hazijafika. Na mbona hoja hiyo hamuipeleki kwa mwajiri wenu? Kazini kwenu, mwezi ambao NSSF yako haikuonekana kwenye karatasi ya mshahara, ulipanda hadi ofisi ya rasilimali watu umekunja uso. Wengine wenu ndio hao wa rasilimali watu. Mchana unajua kila kifungu, unawafundisha mameneja tofauti ya mkataba na kibarua. Usiku unampa yaya wako elfu tisa kwa M-Pesa na ujumbe wa shukrani, bila hata neno mshahara kwenye ujumbe huo.

Juni 2024 nchi hii ilitetemeka kwa sababu ya mswada wa fedha. Vijana waliingia barabarani kukataa ushuru wa mkate, na wengine hawakurudi nyumbani. Mlilia nao, na mlifanya vyema. Mlisema serikali haiwezi kula jasho la mtu halafu isimpe kitu. Wakati mnasema hivyo mkiwa mbele ya televisheni, kuna mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya kochi lenu na beseni la nguo, akisikiliza. Yeye jasho lake linaliwa na nani?

Mnasema yeye mwenyewe hataki kukatwa. Mmemuuliza mkiwa mmemwekea mezani shilingi 9,000, mkamwambia tukikata utapata 8,000, unaonaje? Nani angekubali? Mpeni kwanza mshahara wa sheria, halafu mkateni, halafu mmweleze kila kato ni la nini, kwa utulivu, siku ambayo mtoto amelala. Mtaona kama mtu anayetuma nyumbani 1,000 kwa mama mgonjwa haelewi maana ya akiba.

Mnasema wanatoroka, hawakai, leo yuko na kesho amefunga mizigo, basi ya nini kumwandikisha. Mimi nauliza anatoroka nini. Mtu hatoroki mahali ambapo jina lake lipo. Namba ya NSSF ni yake hata akihama nyumba kumi. Inamfuata kama kivuli. Kinachowafanya waondoke usiku ni kwamba kwenu hakuna kitu chao cha kuacha.

Na kuna mnaoshika kitambulisho chake cha taifa ndani ya kabati lenu ili asiondoke. Rudisheni, leo, kabla ya chakula cha jioni. Wasichana wetu wakienda Riyadh na Jeddah wakanyang'anywa pasipoti, mnaandika kwenye mitandao, mnamlilia waziri, mnaita utumwa. Msichana huyo angalau hutia sahihi mkataba kabla ya kupanda ndege, hata kama mwajiri wake ataukanyaga. Wa kwenu hakutia sahihi chochote. Mlimpokea stendi ya basi, mkamwonyesha chumba, mkamwonyesha mtoto.

Wako pia wanaoleta mtoto wa miaka 13 kulea mtoto. Kwao sina maneno ya makato. Mrudisheni shuleni.

Mnasema, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba yeye ni kama mtu wa familia. Nililisema mimi pia, kwa moyo wangu wote. Lakini neno anti tumeligeuza shuka la kufunikia deni. Shangazi wa kweli anaalikwa kwenye kikao cha mahari. Huyu anapika chakula cha kikao hicho. Shangazi wa kweli akiumwa, ukoo unachanga; huyu akiumwa tunapiga simu kwa biro ya mayaya kuuliza kama kuna mwingine. Tumempa jina la ujamaa ili tusimpe haki ya mfanyakazi, na haki ya jamaa pia hatukumpa. Mpende, ndiyo. Mtoto wako anampenda, na upendo huo ni wa kweli kabisa. Lakini upendo hauna namba ya uanachama, na karani wa hospitali hauulizi.

Kina baba, msidhani nazungumza na wake zenu peke yao. Katika nyumba nyingi mshahara wa yaya unatoka kwenye mshahara wa mama, kana kwamba mtoto ni wa mama na baba ni mpangaji. Kwa hiyo mama, ambaye mara nyingi ndiye anayelipwa kidogo, anambana yaya, ambaye analipwa kidogo zaidi, na wewe unapita katikati yao ukiuliza chai iko wapi. Unajua bei ya tairi nne za gari lako. Je, unajua mtu anayemshika mwanao anapata shilingi ngapi? Yeremia alimkemea mfalme kwa kujijengea jumba kwa kazi ya jirani asiyelipwa ujira. Hakuangalia ni mkono wa nani ndani ya jumba ulioshika mfuko wa pesa. Aliangalia jumba.

Ninyi wa misikitini na ninyi wa makanisani mnajua yaliyosemwa juu ya ujira unaocheleweshwa na ujira unaozuiwa. Mmesomewa tangu utotoni. Mnatoa zaka, mnatoa fungu la kumi, mnasimama mbele na bahasha. Kabla ya bahasha ijayo, hesabuni kama ndani yake hakuna 1,208.54 za mtu.

Na ninyi wenye biashara ambao mmemweka yaya kwenye vitabu vya kampuni, mkamwita msafishaji wa ofisi ili mshahara wake upunguze kodi yenu. Sheria ya Kodi ya Mapato inakataza waziwazi matumizi ya nyumbani na ya familia kuhesabiwa kama gharama ya biashara. Lakini uzito wa kosa lenu hauko hapo tu. Mmepata namna ya kumwandika pale alipowafaa ninyi, na mkashindwa kumwandika pale ambapo angefaidika yeye. Jina lake mnalijua kuliandika, basi.

Najua mmoja wenu ananisoma na machozi yanamlenga, kwa sababu yeye mwenyewe analipwa elfu 20 Gikomba na hana pa kumweka mtoto. Dada, wewe sikukemei kwa sauti ileile. Nchi hii imewaacha kina mama wafanye hesabu isiyowezekana, kisha ikawaacha wambane mwanamke mwenzao. Lakini hata wewe usichukue siku nzima na usiku wa mtu kwa elfu sita ukaita kusaidiana. Kama unaweza kulipia saa nne, mwandike kwa saa nne. Kama mko watatu kwenye ploti moja, mwandikeni pamoja, kila mmoja alipe sehemu yake, na mmoja wenu abebe jukumu la kupeleka michango. Kuna nyumba za kulelea watoto mtaani kwenu. Hizo zichunguze, ulipe zilizo safi.

Msimngojee Rais atangaze kitu tarehe 1 Mei. Kila Mei Mosi mnakaa nyumbani, ni sikukuu ya wafanyakazi, na mfanyakazi aliye nyumbani kwenu siku hiyo ana kazi maradufu kwa sababu nyote mpo na mnataka pilau. Wanaowatetea mayaya, chama cha wafanyakazi cha KUDHEIHA miongoni mwao, wamesema mengi kwa miaka mingi, na tarehe 16 Juni kila mwaka dunia inawakumbuka wafanyakazi wa nyumbani kwa sababu siku hiyo mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wao, namba 189. Nyumbani kwenu siku hiyo hupita kama siku nyingine yoyote.

Babu zetu walivaa kipande. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika wa Kenya alilazimishwa kutembea na karatasi iliyoandikwa jina la mwajiri wake, mshahara wake na tarehe za kazi, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mkoloni aliandika ili amfunge. Tulipigania uhuru, tukakitupa kikebe, na tulifanya haki. Kisha tukahamia kwenye nyumba za mkoloni, tukamchukua yaya wake na dharau yake, na sisi hatuandiki ili tusimlipe.

Hesabu itafika. Sheria ya Ajira inampa mfanyakazi ambaye hakuwekewa NSSF malipo ya utumishi kwa kila mwaka aliofanya kazi, na mahakama mara nyingi huhesabu siku 15 za mshahara kwa mwaka. Miaka kumi ni karibu 80,000, juu ya tofauti ya mshahara, juu ya likizo ambazo hakupewa. Wengi wao hawatawapeleka mahakamani. Msijifariji kwa hilo. Hawatawapeleka kwa sababu wanawapenda watoto wenu.

Yaya wetu aliondoka Desemba ile ile, mkono ukiwa bado kwenye plasta. Nilimpa nauli na kanga mbili. Ilinichukua hadi Machi kukaa chini usiku, nikachukua viwango vya Nairobi vya mwaka baada ya mwaka, nikaweka nilichomlipa kando ya nilichopaswa kumlipa. Miezi 40 kwa upungufu wa 5,572.90. Miezi 30 kwa upungufu wa 6,201.65. Miezi miwili ya mwisho kwa 7,113.75. Jumla ilikuwa 423,193, bila senti juu yake. Niliihesabu mara tatu.

Nilimpigia simu Jumamosi asubuhi. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtoto akilia, si wangu. Nilimweleza polepole: mshahara ulikuwa mdogo kuliko wa sheria, tofauti ni yake, nitailipa kidogo kidogo, na zile 2,000 nilizomkata hazikuwa zangu. Alinyamaza kwa muda mrefu hata nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza, kwa woga, "Mama, ni nani amekushtaki?"

Nimelipa 90,000. Zimebaki 333,193, na hapo sijaanza kuhesabu Jumapili.